Wasifu wa Marehemu: Namna ya Kuuandika na Kuusoma Msibani

Mwongoza ratiba anaposema, "Sasa tunamkaribisha mwanafamilia atusomee wasifu wa marehemu," walio mstari wa mbele hunyamaza, na walioketi nyuma ya turubai huendelea kuongea kwa sauti ya chini. Hawana dharau. Wamehudhuria misiba mingi na wanajua kitakachosomwa: alizaliwa, alisoma, alioa, aliugua, amefariki, ameacha mjane, watoto saba na wajukuu kumi na wawili. Katika wasifu wa namna hiyo hamna uongo hata mmoja. Kasoro yake ni kwamba jina na tarehe vikibadilishwa, karatasi ileile inaweza kusomwa kwenye msiba wa jirani wiki ijayo.

Kipo kipimo chepesi cha kuupima wasifu kabla haujafika kwenye kipaza sauti. Jina la marehemu lifunikwe, kisha asomewe mtu aliyemfahamu. Akimtambua, kazi imekwisha. Asipomtambua, kalamu irudi mezani.

Mazinde, kwa mfano, ni mahali ambapo wasifu hauna sababu ya kufanana. Iko chini ya Milima ya Usambara, kwenye barabara kuu itokayo Korogwe na Mombo kuelekea Same, na watu wamekuwa wakipita na kulowea hapo tangu karne ya 19, zama ambazo Semboja, mtawala wa ukoo wa Wakilindi, aliacha baridi ya milimani akaweka makao yake kwenye njia ya misafara. Baadaye ikaja reli kutoka Tanga, ikafika Mombo mwaka 1905. Ukaja na mkonge, zao ambalo mbegu zake zililetwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na mashamba yake yakahitaji mikono mingi kuliko iliyokuwepo Tanga. Ndipo walipoletwa vibarua walioitwa manamba kutoka Songea, Njombe, Kigoma, Tabora na hata nje ya mipaka. Wengi hawakurudi kwao. Walioa Wasambaa, Wazigua na Wapare, wakajenga, wakazeeka.

Kwa hiyo mzee anayezikwa leo kandokando ya barabara hiyo yawezekana alizaliwa mbali sana na kaburi lake. Watoto wake wanaongea Kisambaa na Kiswahili, lakini jina la kijiji alikozaliwa baba yao hawalijui vizuri, wala jina la nyanya aliyemlea. Mara nyingi wasifu ndio unaowalazimisha kuuliza, na mara nyingi wakati wa kuuliza huwa ni saa chache tu.

Habari zitoke kwa nani

Kosa la kwanza hutokea hapa: kijana mmoja mwenye mwandiko mzuri, aghalabu mwalimu au mwanachuo, hukabidhiwa daftari na kuambiwa aandike. Anakaa chumbani peke yake, anaandika anachokijua. Anachokijua ni miaka ishirini ya mwisho ya mtu aliyeishi themanini.

Dawa yake ni kuwauliza watu watatu wasiofanana. Wa kwanza awe rika la marehemu au ndugu aliyekua naye, anayejua utoto na ujana. Wa pili atoke kazini, sokoni au shambani, kwa sababu watu huwa na tabia nyingine wakiwa mbali na watoto wao. Wa tatu awe jirani, na hapa mabalozi wa nyumba kumi husaidia sana: wao ndio walioamua ugomvi wa mipaka na mbuzi na wanajua nani alikuwa mwepesi wa kusamehe. Shangazi asisahaulike. Katika koo nyingi yeye ndiye mtunzaji wa majina, na akirukwa atasahihisha wasifu hadharani, palepale msibani, bila kipaza sauti.

Njia hii ina mizizi hukohuko Usambara. Abdallah bin Hemedi, mtu wa Pwani aliyeishi miaka mingi kwa Semboja, ndiye aliyeandika *Habari za Wakilindi*, masimulizi marefu ya ukoo uliotawala Usambara tangu Mbegha, mwanzilishi wake. Hakuwa na nyaraka za kufunua. Alikuwa na wazee wa kuwauliza, na kitabu chake kimejaa walichomsimulia: nani alimwambia nini nani, ilikuwa wapi, na mambo yakaishaje. Hao watawala waliokufa zamani wanaonekana kama watu wanaotembea kwa sababu mwandishi aliandika vitendo na maneno, hakuridhika na orodha ya vyeo.

Tarehe ni tatizo jingine. Wazee wengi hawakuandikiwa cheti cha kuzaliwa, na tarehe iliyopo kwenye kitambulisho huenda iliwekwa kwa kukisia siku ya kujiandikisha. Badala ya kubuni, familia itumie mbinu ambayo makarani wa sensa wameizoea, yaani kalenda ya matukio. Alikuwa ameshaota meno wakati wa Uhuru, mwaka 1961? Alikuwa darasa la ngapi lilipotangazwa Azimio la Arusha, 1967? Alikuwa ameoa wakati wa vita vya Kagera, 1978 na 1979? Kwa wakongwe wa milimani kuna alama nyingine nzuri, ile amri ya Waingereza ya kulima matuta iliyoanzia Mlalo mwaka 1946 na kuchukiwa mpaka ikakomeshwa mwaka 1957. Bibi anayekumbuka kwamba mama yake alikwenda kwenye matuta akiwa amembeba mgongoni ameshataja umri wake. Tena sentensi hiyo isomwe kama ilivyo. "Alizaliwa miaka ya matuta" inabeba zaidi ya tarehe ya kukisia, na wazee waliokaa mbele wataielewa mara moja.

Kwa ambao wazee wao bado wapo, kazi hii inaweza kufanywa mapema, jioni moja, kwa kinasa sauti cha simu. Mzee Ali Hassan Mwinyi, Rais wa awamu ya pili, alitoa kitabu cha maisha yake mwaka 2021 na kufariki Februari 29, 2024. Si kila familia itachapa kitabu, lakini kila familia inaweza kumuuliza babu alikotoka. Wapo wanaoogopa kwamba kuuliza ni kuuita msiba. Basi wasiulize habari za kifo, waulize habari za safari: alifikaje Mazinde, alipanda nini, nani alimpokea.

Sifa zigeuzwe vitendo

Karibu kila rasimu ya kwanza ina sentensi hii: "Marehemu alikuwa mchapakazi, mcheshi, mpenda watu na mcha Mungu." Waombolezaji huitikia kwa kichwa na hawakumbuki chochote. Kila sifa katika sentensi hiyo inadai ushahidi, na ushahidi ndio wasifu wenyewe.

Tuseme marehemu ni mama aliyekuwa akiuza matunda. Rasimu ya pili ingeweza kusema: "Siku za gulio alishuka na gari la alfajiri kutoka Soni akiwa na matenga mawili ya mapeasi. Aliyekosa fedha aliandikwa kwenye daftari. Asiyelipa hadi gulio la pili aliitwa kwa jina lake kamili mbele ya watu, na mama akicheka, na aliyeitwa akicheka, na deni likalipwa." Hapo hapana neno mchapakazi wala mcheshi, lakini yote mawili yapo. Na kwa hakika chini ya turubai patakuwa na mtu aliyewahi kuitwa.

Au ni mzee wa mkonge. "Alifanya kazi katika shamba la mkonge kwa miaka thelathini" ni kweli, ila haimwonyeshi mtu. Alianzia wapi: kwenye kukata, akiamka kabla ya jua na kisu, na kipande, yaani kadi ya kazi, mfukoni, au kwenye korona, katika kelele za mashine inayokwangua majani? Alihamishwa lini kutoka kambi moja kwenda nyingine? Alikuwepo mashamba mengi yalipotaifishwa baada ya Azimio la Arusha, na nini kilibadilika kwake? Tanzania ilizalisha takriban tani 230,000 za mkonge mwaka 1964, kisha kamba za nailoni zikaangusha bei na mashamba yakaanza kufa. Mtu aliyeanza kazi wakati wa neema na kuimaliza wakati wa vichaka ana kisa ambacho wanawe walikiona tu kama kuchelewa kwa mshahara. Sentensi mbili za historia hiyo humweka mahali pake.

Mfano bora wa jambo dogo linaloeleza mtu mzima uko katika *Wasifu wa Siti Binti Saad*, kazi ya Shaaban Robert, mwana wa Tanga. Siti alikuwa gwiji wa taarabu aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, na alifariki Julai 1950. Mwandishi angeweza kuanza na kumalizia kwenye utukufu huo. Badala yake anampeleka msomaji hadi kwa binti maskini wa Fumba, Unguja, aliyetembeza vyungu vya mama yake akinadi kwa sauti. Baada ya kulijua hilo, msomaji anaelewa sauti ile ilipatia wapi mazoezi yake. Anayeandika wasifu wa mzazi wake atafute vyungu vya mzazi wake: kazi, mazoea au tukio ambalo mengine yote yanatokana nalo. Akilipata moja, linatosha. Mawili ni mengi ya kutosha kwa dakika tano.

Mapungufu nayo yana nafasi. Baba aliyekuwa mkali atajwe kuwa mkali, kwa mfano ambao hata yeye angeucheka. Watu hawaamini wasifu wa malaika, na anayesoma huonekana anamzungumzia mtu mwingine. Ila kipo kikomo: lisilowahi kusemwa mbele ya marehemu akiwa hai lisisemwe mara ya kwanza juu ya jeneza lake.

Mambo yanayohitaji kikao

Kabla ya kusomwa, wasifu upite mikononi mwa watu wawili au watatu wenye mamlaka katika familia: mjane au mgane, mkubwa wa ukoo, na mtoto mkubwa. Sehemu nne huwa na miiba.

Ya kwanza ni orodha ya watoto na wake. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa atakuwepo msibani, pengine amesafiri usiku kucha kutoka Dar es Salaam, na ataisikiliza orodha hiyo kuliko mtu mwingine yeyote. Kumruka ni kumfukuza mbele ya kadamnasi, na ni kutengeneza kesi. Familia isipokubaliana usiku ule, njia ya salama ni kutaja idadi ya watoto wote bila kutenga nyumba kwa nyumba. Wake wawili watajwe kwa mpangilio wa ndoa zao, bila maelezo ya ziada.

Ya pili ni ugonjwa. Wasifu nyingi huanza kuwa faili la hospitali zikifika hapa: alipelekwa Bumbuli, akapewa rufaa kwenda Bombo, akahamishiwa KCMC, vipimo vikasema hivi, sukari ikapanda. Mtu aliyeishi miaka sabini anapewa nusu ya wasifu wake kwa miezi mitatu ya mwisho. Sentensi mbili zinatosha: alianza kuugua lini na amefariki lini na wapi. Aina ya ugonjwa itajwe kama mwenyewe hakuuficha. Lawama kwa mganga au hospitali zipelekwe kunakohusika, zisiwekwe kwenye wasifu.

Ya tatu ni madeni. Kwa Waislamu suala hili lina nafasi yake maalumu: kabla ya sala ya jeneza au kabla ya kuondoka nyumbani, msemaji wa familia huomba radhi kwa niaba ya marehemu na kutangaza kwamba mwenye kumdai aende kwa fulani. Hata katika misiba ya Kikristo tangazo hilo hufanywa siku hizi. Lisichanganywe na wasifu. Lisemwe na mtu anayetambulika atakayelipa au kusikiliza.

Ya nne ni majina. Herufi za jina kwenye wasifu zilingane na zile za kitambulisho cha taifa na vyeti, kwa kuwa taarifa hizohizo zitahitajika RITA wakati wa kuandikisha kifo na Mahakama ya Mwanzo wakati wa kufungua mirathi. Wasifu si hati ya kisheria, lakini ndugu wanaobishana mahakamani hupenda kuutaja.

Saa ya kuusoma kwa Waislamu na kwa Wakristo

Usambara ina Waislamu, Walutheri, Wakatoliki na Waanglikana, na mara nyingi wote wamo katika ukoo mmoja. Kwa Waislamu maziko hufanywa haraka, ikiwezekana siku ileile, na sala ya jeneza haina nafasi ya hotuba. Palipo na wasifu, husomwa nyumbani kabla maiti haijatoka, kwa ufupi, au huachwa hadi siku ya hitma au arobaini, na hapo huwa bora zaidi kwa sababu umeandikwa kwa utulivu. Baadhi ya masheikhe hawapendi kumsifu marehemu kupita kiasi. Familia imuulize imamu wake mapema, isije ikabishana naye mbele ya watu.

Kwa Wakristo, ambao wanaweza kusubiri siku mbili tatu watoto wafike kutoka Arusha au Mwanza, wasifu husomwa nyumbani au kanisani ndani ya ibada. Wachungaji na mapadri hutaka kujua ubatizo, kipaimara na ndoa, na tarehe hizo ziko kwenye daftari za usharika au parokia. Kumtuma mtu parokiani asubuhi kunaokoa ubishi wa usiku mzima.

Kuusimamia mbele ya watu

Dakika tano hadi saba zinatosha. Kwa mwendo wa msibani, hizo ni takriban maneno 500 hadi 700. Rasimu isomwe kwa sauti mara moja, simu ikipima muda, na kila sentensi inayomkosesha pumzi msomaji ikatwe vipande viwili. Jua la Mazinde halina huruma na waombolezaji wengine wamesimama.

Si lazima msomaji awe mtoto wa karibu zaidi. Achaguliwe anayeweza kusimama: mjukuu, mpwa, mkwe, au mfanyakazi mwenza. Akiwa ni mtoto wa marehemu, aandaliwe mtu wa pili mwenye nakala ya pili, akae karibu, na wakubaliane ishara ya kupokezana. Machozi yakimjia, anyamaze, anywe maji, aendelee. Hakuna atakayemharakisha.

Karatasi ni bora kuliko simu. Kioo cha simu hakisomeki juani, na ujumbe wa WhatsApp huweza kuingia katikati ya sentensi. Herufi ziwe kubwa, nafasi kati ya mistari iwe pana, na kurasa ziandikwe namba. Jenereta nayo izingatiwe, kwani ikizimika msomaji anapaswa kujua kupaza sauti bila kupiga kelele, akiwatazama walio mstari wa mwisho.

Salamu zisile muda. Kumtaja mheshimiwa mmoja mmoja, kuanzia diwani hadi mwenyekiti wa chama cha ushirika, kunaweza kumaliza dakika mbili kati ya tano. Tanzania imeshapata msemo wa kumwokoa msomaji: "itifaki imezingatiwa." Autumie, kisha aende kwa marehemu.

Namna ya kumtaja marehemu inaweza kubadilisha msiba wote. Aprili 12, 1984, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki katika ajali ya gari Dakawa, Morogoro, akitokea Dodoma, akiwa na umri wa miaka 45. Mwalimu Nyerere alipolitangazia taifa redioni, tangazo lake lilikuwa fupi. Alimwita kwanza kwa udugu, kwa ujana wake na kwa uwenzake, ndipo akafika kwenye jina. Cheo hakikuhitaji kutangulia, kila msikilizaji alikuwa anakijua. Familia yenye marehemu aliyekuwa mwenyekiti, mwinjilisti au mwalimu mkuu inaweza kuiga mpangilio huo: kwanza baba, kaka, rafiki, halafu nafasi alizoshika. Na kama marehemu aliongea Kisambaa, Kipare au Kibena nyumbani, sentensi moja ya lugha hiyo iwekwe mwishoni, isomwe na anayeweza kuitamka.

Mwisho wa wasifu usiachwe kwa fomula pekee. Maneno ya Ayubu kwa Wakristo na dua kwa Waislamu yatasemwa na viongozi wa dini kwa ukamilifu wake. Msomaji amalizie kwa jambo la marehemu: shughuli aliyoiacha katikati na nani ataiendeleza, au shukrani aliyotaka ifikishwe kwa mtu fulani aliyemuuguza.

Baada ya mazishi

Karatasi ya wasifu hupotea haraka. Huishia mfukoni mwa msomaji, ikafuliwa na suruali. Kabla ya maturubai kushushwa, mtu mmoja apewe kazi ya kukusanya masahihisho, maana hayatakosekana: shangazi atasema mwaka si ule, mfanyakazi mwenza atasema kambi ilikuwa nyingine, na mgeni kutoka Songea huenda akataja jina la kijiji ambalo hakuna aliyelijua. Yaandikwe yote pembeni ya nakala ileile, pamoja na jina la aliyeyasema. Nakala safi itayarishwe kabla ya arobaini au ibada ya shukrani, ichapwe, na igawiwe tatu: moja kwa mjane au mgane, moja kwa mkubwa wa ukoo, na moja kwa atakayeteuliwa na kikao cha ukoo kusimamia mirathi.